Roketi inayoendeshwa na nta ya mshumaa: Hivi ndivyo wanafunzi wanavyoijenga na kuijaribu

Ukiwa Mogitu, wilayani Hanang, huhitaji kuelezwa mlima ni nini. Hanang uko pale pale, zaidi ya mita 3,400 kutoka usawa wa bahari. Sasa chukua milima mitano kama huo, uipange mmoja juu ya mwenzake.

Huko juu ndiko ilikofika roketi ya wanafunzi na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, Machi 8, 2021. Ilipanda kilomita 17.9, juu kabisa ya ndege za abiria, ambazo kwa kawaida hupita kwenye kilomita 10 hadi 12.

Na mafuta yake? Nta. Ile ile familia ya nta inayotengenezea mishumaa unayowasha umeme ukikatika.

Jina lake ni Phoenix-1B Mk IIr, na iliweka rekodi ya Afrika kwa roketi zenye injini ya mseto. Injini ya namna hii inapendwa sana na vyuo duniani. Ni rahisi kuielewa, haihitaji bajeti ya nchi nzima, lakini ukiidharau inaua.

Tuifungue kidogo kidogo.

Injini ya mseto ni nini?

Mfikirie mhunzi. Mkaa umekaa kwenye tanuri, hauendi popote. Mhunzi anapiga mvukuto, hewa inaingia, moto unawaka mkali. Akiacha kupiga mvukuto, moto unafifia.

Injini ya mseto ni hivyo hivyo. Kuna kitu kigumu kinachoungua, ambacho ni nta, mpira au plastiki. Kimemiminwa kama bomba nene lenye tundu katikati. Halafu kuna tangi lenye kimiminika au gesi inayobeba oksijeni. Kitaalamu kinaitwa kioksidishaji. Katikati ya hivyo viwili kuna valvu.

Valvu ikifunguliwa, kioksidishaji kinapita kwenye injekta, yaani sahani yenye matundu madogo, na kunyunyizwa ndani ya tundu la nta ambako tayari kuna moto wa kuwashia. Nta inaungua kuanzia ndani kwenda nje. Gesi ya moto inatokea nyuma kupitia nozeli, ambayo ni shingo nyembamba inayofunguka kama tarumbeta. Gesi inasukumwa nyuma, roketi inasukumwa mbele. Basi.

Inaitwa mseto kwa sababu nusu yake ni yabisi na nusu ni kimiminika. Na wazo lenyewe si la jana. Agosti 17, 1933, kikundi cha wahandisi wa Urusi ya Kisovieti kilirusha karibu na Moscow roketi iitwayo GIRD-09, iliyotumia petroli iliyogandishwa pamoja na oksijeni ya kimiminika. Ilifika kama mita 400.

Kwa nini wasitumie baruti tu?

Hapa Afrika Mashariki wanafunzi wanaorusha roketi wapo. Chuo Kikuu cha JKUAT kilichoko Juja, Kenya, kina mradi wa wanafunzi unaoitwa Nakuja. Roketi zao wamezipa majina ya N-1, N-2 na kuendelea, na wamekuwa wakitumia injini za mafuta yabisi.

Injini yabisi ina faida kubwa: haina tangi, haina valvu, haina mabomba. Mafuta na oksijeni yake vimeshachanganywa pamoja, unawasha tu. Kwa timu inayoanza ni njia ya busara.

Shida ni kwamba ukishawasha, umewasha. Huwezi kuizima, inaendelea mpaka iishe. Na kwa kuwa mafuta na oksijeni vinakaa pamoja muda wote, hata stoo inataka uangalizi.

Injini ya kimiminika inaweza kuzimwa na kupunguzwa nguvu, lakini inahitaji matangi mawili, mabomba mengi, na mara nyingi pampu. Ni kazi ngumu na ya gharama.

Mseto uko katikati. Nta peke yake ni nta tu. Unaweza kuiweka mezani, kuisafirisha kwenye gari, hata kuiangusha. Haiwezi kulipuka kwa sababu haina oksijeni ndani yake. Na ukifunga valvu, injini inazimika. Kwa chuo ambacho mkuu wa idara anaulizwa kila siku kuhusu usalama, hiyo ni hoja nzito.

Nta iliingiaje kwenye roketi?

Kwa miaka mingi injini za mseto zilitumia mpira. Hata SpaceShipOne, chombo cha kwanza cha kampuni binafsi kumpeleka mtu anga za juu, Juni 21, 2004, kilitumia injini ya mseto yenye mpira na gesi ya naitrasi oksidi.

Lakini mpira una tatizo. Unaungua taratibu sana. Joto linaufikia juu juu tu, unageuka mvuke tabaka kwa tabaka. Ukitaka nguvu zaidi, lazima utoboe matundu mengi ili eneo linaloungua liwe kubwa. Matundu mengi maana yake injini pana zaidi, na injini pana ni uzito.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waligundua kitu kuhusu nta. Inapoungua, uso wake unayeyuka kwanza. Gesi inayopita kwa kasi inaitikisa ile nta ya maji, kama upepo unavyotikisa maji ya bwawa, na kurusha matone madogo madogo ndani ya moto. Matone yanaungua haraka. Matokeo yake nta huungua mara tatu hadi nne kwa kasi kuliko mpira.

Hapo ndipo wanafunzi walipopata nafasi. Tundu moja tu linatosha, umbo linakuwa rahisi, na malighafi haina bei ya kutisha.

Siyo kwamba nta haina kasoro. Ni laini, inaweza kupasuka ikipoa vibaya, na ukiiacha kwenye jua kali inaanza kulegea. Timu nyingi huichanganya na vitu vingine ili ikaze.

Uzito wote uko wapi?

Watu wengi wakisikia "injini nyepesi" wanafikiria kupunguza nta. Kumbe nta ndiyo sehemu ndogo.

Kwa injini ya nta na naitrasi oksidi, kilo 1 ya nta huhitaji takriban kilo 7 za naitrasi oksidi ili iungue vizuri. Kwa hiyo roketi ya mseto ni tangi kubwa lenye injini ndogo chini yake.

Na tangi hilo si ndoo. Naitrasi oksidi kwenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi ina presha ya kama baa 50. Tairi la gari dogo lina kama baa 2 na kidogo. Yaani tangi linabeba presha zaidi ya mara 20 ya tairi, na bado linatakiwa liwe jepesi.

Kwa nini uzito ni ishu kubwa hivyo? Angalia mfano huu wa kukokotoa.

Tuseme roketi tupu ina kilo 10, imejazwa mafuta na kioksidishaji kilo 5, na gesi inatoka kwenye nozeli kwa mita 2,000 kwa sekunde. Kanuni ya roketi inasema, ukiacha kando mvutano wa dunia na upinzani wa hewa, itapata kasi ya kama mita 811 kwa sekunde.

Sasa usiongeze hata tone la mafuta. Punguza tu uzito wa roketi tupu kutoka kilo 10 hadi 8. Kasi inapanda hadi kama mita 971 kwa sekunde. Umepata mita 160 kwa sekunde za bure, kwa kuondoa kilo 2 za chuma.

Ndiyo maana utawakuta wanafunzi wanabishana usiku kuhusu unene wa ukuta wa tangi kwa milimita moja. Wanaacha chuma cha kawaida na kwenda kwenye alumini. Wenye uwezo zaidi wanakwenda kwenye nyuzi za kaboni zilizozungushwa kwa gundi. Kila gramu ina kesi yake.

Wanaijaribuje bila kuumia?

Hakuna timu makini inayotengeneza injini leo na kuirusha kesho. Kuna ngazi, na kila ngazi ina sababu.

*Kwanza ni kompyuta na karatasi.* Wanakokotoa presha ya ndani, upana wa shingo ya nozeli, idadi ya matundu ya injekta na muda wa kuungua.

*Pili ni maji.* Tangi linajazwa maji na kusukumwa hadi presha inayozidi ile ya kazi, kwa mfano mara moja na nusu. Kwa nini maji na siyo hewa? Kwa sababu maji hayabonyei. Tangi likipasuka likiwa na maji, linavuja. Likipasuka likiwa na hewa yenye presha ile ile, linalipuka.

*Tatu ni jaribio la baridi.* Kioksidishaji, au kitu kinachofanana nacho kitabia, kinapitishwa kwenye mabomba na injekta bila moto. Wanapima kinapita kilo ngapi kwa sekunde, na valvu inafunguka haraka kiasi gani.

*Nne ni jaribio la moto.* Injini inafungwa kwenye fremu ya chuma iliyosimikwa kwenye zege. Haiendi popote. Watu wote wanakaa mbali, nyuma ya ukuta, na kuiwasha kwa waya au redio huku wakiangalia kamera.

Mara nyingi injini ya kwanza huwa nzito makusudi, ya chuma kinene. Lengo lake siyo kuruka, ni kufundisha. Ikishajulikana tabia yake, ndipo inajengwa nyingine nyepesi yenye vipimo vile vile vya ndani.

Kwenye fremu kuna kihisi kinachopima msukumo, kama mzani wa dukani lakini unaosoma mara mamia kwa sekunde. Kuna vihisi vya presha na vya joto. Nta inapimwa uzito kabla na baada.

Mfano: injini ikisukuma kwa wastani wa niutoni 500 kwa sekunde 5, jumla ni niutoni-sekunde 2,500. Kama katika muda huo imetumia kilo 1.25 za nta na kioksidishaji, gawanya. Unapata 2,000, yaani mita 2,000 kwa sekunde tulizozitumia pale juu. Namba hiyo moja inawaambia kama injini yao inafaa au inakula mafuta bure.

Mchoro wa msukumo nao unazungumza. Ukipanda ghafla, huenda kipande cha nta kimepasuka. Ukiwa unatetemeka, moto ndani haujatulia. Ukishuka polepole mpaka mwisho, hiyo ni kawaida: naitrasi oksidi inapotoka tangi linapoa na presha inashuka, kama mtungi wa gesi ya kupikia unavyokuwa wa baridi ukipika maharage muda mrefu.

Gesi ya kucheka, lakini si ya kuchezea

Naitrasi oksidi inajulikana pia kama gesi ya kucheka. Madaktari wa meno wanaitumia kupunguza maumivu. Jina hilo linawadanganya wengi.

Julai 26, 2007, huko Mojave, California, wafanyakazi wa kampuni ya Scaled Composites, ile iliyotengeneza SpaceShipOne, walikuwa wanafanya jaribio la baridi la naitrasi oksidi. Hakukuwa na injini inayowaka. Hakukuwa na moto. Mlipuko ulitokea, watu watatu wakafa na wengine watatu wakajeruhiwa.

Na hao hawakuwa wanafunzi. Walikuwa watu wenye uzoefu.

Gesi hii ikipata joto au uchafu fulani, kama mafuta ya kulainishia, inaweza kuvunjika yenyewe na kutoa nishati nyingi kwa mkupuo. Ndiyo maana mabomba yake husafishwa kama vyombo vya hospitali, na hakuna mtu anayeruhusiwa kusimama karibu na tangi lililojaa.

Kuna suala la jua pia. Naitrasi oksidi ikifika nyuzi joto 36.4 haiwezi tena kukaa kama kimiminika, haijalishi unaibana vipi, na presha yake inapita baa 70. Joto kama hilo ndani ya tangi lililoachwa juani mchana wa Dar es Salaam au Mombasa si ajabu. Kwenye nyanda za juu kama Hanang hali ya hewa ni nafuu, lakini hata huko tangi hufunikwa na kupimwa joto mpaka dakika ya mwisho.

Kwa hiyo tuseme wazi: hii si kazi ya uani. Inafanyika chuoni, chini ya wahandisi, kwenye eneo lililoruhusiwa, mamlaka za anga zikiwa na taarifa.

Wanafeli kwanza

Phoenix haikufika kilomita 17.9 kwa bahati. Mradi ulianza mwaka 2010. Roketi ya kwanza, Phoenix-1A, ilirushwa Agosti 2014 kwenye uwanja wa majaribio wa Overberg, kusini kabisa mwa Afrika. Lengo lilikuwa kilomita 10. Nozeli ikaleta shida, roketi ikaishia kama kilomita 2.5. Walirudi Overberg mwaka 2019, na mara hiyo pia mambo hayakwenda walivyopanga. Rekodi ikaja miaka miwili baadaye.

Kwa hesabu rahisi, miaka 11. Wanafunzi walioanza wakiwa mwaka wa kwanza walikuwa wameshahitimu na kupata kazi. Waliovuna ni wadogo zao.

Ulaya hali ni ile ile. Wanafunzi wa Delft, Uholanzi, walifika kilomita 21.5 Oktoba 2015 na roketi ya mseto ya Stratos II+. Walipojenga kubwa zaidi, Stratos III, ilisambaratika kama sekunde 20 baada ya kuruka Julai 2018. Wanafunzi wa Stuttgart, Ujerumani, waliipeleka HEROS 3 hadi kilomita 32.3 Novemba 2016. Hiyo ni zaidi ya mara tisa ya Mlima Hanang.

Sisi tuko wapi?

Historia ina utani wake. Roketi zilizobeba satelaiti zimewahi kurushwa kutoka pwani ya Waswahili kabla wengi wa wasomaji hawajazaliwa. Ni kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Kenya. Waitaliano walianza kurusha satelaiti pale mwaka 1967. Desemba 12, 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ilirushwa satelaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Urushaji wa mwisho wa satelaiti pale ulikuwa mwaka 1988.

Jina lilikuwa letu na bahari ilikuwa yetu, lakini injini hazikuwa zetu.

Sababu ya kuchagua Malindi ni ikweta. Dunia inapozunguka, ardhi ya ikweta inakimbia kama mita 465 kwa sekunde kuelekea mashariki, na roketi inayokwenda kwenye obiti inapewa kasi hiyo bure. Hanang, ambayo iko kama nyuzi 4 na nusu kusini mwa ikweta, ina karibu kasi hiyo hiyo. Kule Overberg inashuka hadi kama mita 383.

Roketi ndogo za wanafunzi hazifiki obiti, hivyo hazifaidiki sana na hilo kwa sasa. Lakini nchi inayotaka kufika huko lazima ipitie kwenye hizi ndogo.

Satelaiti zetu nazo zimepanda lifti ya wengine. PearlAfricaSat-1 ya Uganda iliondoka Novemba 2022 na roketi ya Marekani, na Taifa-1 ya Kenya ikaondoka Aprili 2023 na roketi ya SpaceX.

Na kwa watu wa Hanang, habari ya anga si anasa. Desemba 3, 2023, tope na mawe vilishuka kutoka mlimani, vikaikumba Katesh na vijiji jirani, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Roketi ya wanafunzi isingezuia lile tope, na asije mtu akakudanganya kwamba ingezuia. Lakini kusoma mvua, mawingu na miteremko kutoka juu ni kazi inayohitaji watu wanaojua vihisi, presha, redio na data. Watu hao wanatengenezwa kwenye miradi kama hii, na injini ni kisingizio tu.

Mwanafunzi wa Mogitu aanzie wapi?

Asianze na naitrasi oksidi. Aanze na chupa tupu ya soda ya plastiki, maji theluthi moja, kizibo kinachobana na pampu ya baiskeli. Aweke mwalimu karibu, watu wasimame mbali, chupa ielekezwe juu. Pampu ikifika kiwango, kizibo kinachomoka, maji yanatoka chini, chupa inapaa.

Ajaribu maji kidogo, halafu maji mengi, na apime ipi ilipanda zaidi. Aandike kwenye daftari. Atagundua mwenyewe kwamba chupa iliyojaa sana haiendi mbali, kwa sababu imebeba uzito mwingi na hewa ya kusukuma ni kidogo.

Hapo atakuwa ameshagusa swali lile lile linalowakesha wanafunzi wa Durban na Delft: upunguze nini, ubakize nini, ili kitu kipande juu zaidi. Fizikia, kemia na hisabati za kidato cha tatu na nne ndizo zitakazomfikisha kwenye jibu.